Homa ya siku ya tatu: Mtoto anahitaji slaidi, si dozi ya pili

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa daktari kijana katika kituo kimoja cha afya mkoani Kagera, nilifanya kosa ambalo hadi leo naliona likirudiwa na wazazi, na wakati mwingine na sisi watumishi wa afya.

Mama mmoja alikuja kwa bodaboda akimbeba mtoto wake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa amemaliza dozi ya dawa mseto usiku uliotangulia, lakini asubuhi mwili ulikuwa unachemka tena. Mtaalamu wa maabara hakuwepo siku hiyo. Nikachukua kipimo cha haraka, nikamchoma mtoto kidoleni, na baada ya dakika chache mistari miwili ikaonekana.

"Daktari, malaria haijaisha," mama aliniambia.

Nami nilisema hivyo hivyo moyoni. Nikampa dozi nyingine kamili, akaondoka akishukuru. Baada ya siku mbili alirudi. Mtoto alikuwa anapumua haraka na mbavu zinabonyea. Safari hii slaidi ya damu ilisomwa, na hakukuwa na kimelea hata kimoja. Mtoto alikuwa na nimonia. Alipona, namshukuru Mungu, lakini siku mbili tulizipoteza kwa kutibu ugonjwa ambao haukuwepo tena.

Leo nataka tuelewane kuhusu jambo hilo, hasa ninyi wazazi wa Karagwe na Kyerwa. Nitaeleza vipimo vyetu vinaona nini hasa ndani ya tone la damu. Nitaeleza pia njia ya kuangalia damu kwa mwanga na rangi ambayo watafiti wanaifanyia kazi, kwa sababu baadhi yenu mmeniuliza kama ni kweli malaria inaweza kuonekana kwa kamera bila kutia dawa ya rangi. Mwisho nitasema la kufanya mtoto anapobaki na homa siku ya tatu.

Kipimo cha haraka kinaona nyayo

Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho wengi mnakiita MRDT, hakimwoni mdudu mwenyewe. Vingi kati ya vipimo hivi hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea cha malaria hatari, yaani falsiparumu, huitoa kwenye damu. Protini ikiwepo, mstari wa pili unatokea.

Kwa mtoto ambaye hajapata dawa, kipimo hiki ni kizuri sana. Kimeokoa maisha ya watu wengi katika zahanati zisizo na hadubini wala umeme. Shida inakuja baada ya matibabu. Vimelea vikishakufa, protini yake haiondoki siku hiyo hiyo. Inaweza kubaki kwenye damu wiki mbili, wiki nne, wakati mwingine zaidi. Ni kama nyayo za fisi nje ya zizi: zinakuambia alipita, hazikuambii kama bado yuko.

Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa vizuri wiki iliyopita anaweza kupimwa leo kwa mafua ya kawaida, mistari miwili ikatokea, na mzazi akaambiwa "malaria imerudi". Hapo ndipo dozi ya pili, ya tatu na ya nne zinapoanza.

Kwa nini ninawasemesha Karagwe na Kyerwa

Ninyi mna sababu ya pekee ya kulijua hili. Mwaka 2020 watafiti walichapisha taarifa kutoka Rwanda kuhusu vimelea vyenye badiliko la vinasaba liitwalo R561H, ambalo huvifanya vife polepole vinapokutana na dawa za jamii ya artemisinini. Dawa mseto yetu ya ALu ina dawa ya jamii hiyo ndani yake. Mwaka uliofuata taarifa za mabadiliko mengine ya aina hiyo zilitoka kaskazini mwa Uganda. Kisha ikawa zamu yetu. Utafiti uliofanyika wilayani Karagwe mwaka 2022, ukiongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ulithibitisha kuwa vimelea vyenye usugu wa sehemu kwa artemisinini vipo huku.

Usugu huo uligunduliwaje? Kwa slaidi. Wagonjwa walipewa dawa, na damu yao ikaangaliwa kwa hadubini siku baada ya siku. Shirika la Afya Duniani limeweka alama ya hatari: kama wagonjwa 10 au zaidi katika kila 100 bado wana vimelea kwenye slaidi siku ya tatu, lazima tushituke. Karagwe ilivuka alama hiyo.

Naomba msiogope kupita kiasi. Neno "usugu wa sehemu" lina maana yake. Artemisinini inaua vimelea polepole zaidi, lakini dawa ya pili iliyo ndani ya kidonge hicho hicho inamalizia kazi. Katika utafiti huo wa Karagwe, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 walipona kabisa. Kwa hiyo dawa mseto bado inatibu. Lakini sasa tunaegemea zaidi ile dawa ya pili. Anayeacha vidonge viwili vya mwisho kwa sababu mtoto amechangamka anaviachia vimelea vilivyo sugu nafasi ya kupona na kuzaana.

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipopata wilaya yake mwaka 2012, na mbu na vimelea hawajui mpaka huo. Watu wanavuka Mto Kagera kila siku kwenda na kurudi Rwanda na Uganda, kwa soko, kwa shamba na kwa harusi. Mashimo ya zamani ya kuchimba bati hutuamisha maji ya mvua, na mbu wa malaria hupenda maji ya namna hiyo. Tulishaona dawa zikituponyoka: klorokwini iliachwa mwaka 2001 tukahamia SP, nayo SP ikatushinda ndani ya miaka michache tukaingia dawa mseto. Hii ya sasa lazima tuitunze.

Slaidi inamwona mdudu mwenyewe

Mtaalamu wa maabara anapokutoa tone la damu, mara nyingi hutengeneza alama mbili kwenye kioo. Moja ni tone nene, ambalo damu nyingi imerundikana mahali padogo. Hilo ni la kutafuta kama vimelea vipo. Nyingine ni utando mwembamba, damu iliyovutwa kwa ukingo wa kioo kingine hadi seli zikalala moja moja kama maharage yaliyoanikwa mkekani. Huo ni wa kutambua aina ya kimelea.

Kisha anatia rangi ya Giemsa, anasubiri, anasuuza, anakausha, na kuanza kusoma. Tone moja lina maeneo mengi ya kutazama, na kabla ya kuandika "hakuna vimelea" anapaswa kupitia angalau maeneo 100. Ndiyo maana nawaomba msimgombeze anapochelewa. Anayekupa jibu la slaidi dakika mbili baada ya kukutoboa kidole ndiye wa kumtilia shaka.

Akiona vimelea, anavihesabu. Anahesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe za damu hadi zifike 200. Tunachukulia kuwa mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Kwa hiyo kama ameona vimelea 50 kwenye chembe nyeupe 200, anazidisha 50 kwa 8,000, anagawa kwa 200, anapata vimelea 2,000 kwa mikrolita. Namba hiyo ndiyo siri ya siku ya tatu. Kama siku ya kwanza ilikuwa 40,000 na leo ni 80, dawa inafanya kazi. Kama ilikuwa 40,000 na leo ni 30,000, tuna tatizo. Kipimo cha haraka kingeonyesha mistari miwili ile ile kwa watoto wote wawili.

Makapi yanayong'aa

Sasa tuje kwenye swali la mwanga na kamera.

Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya chembe nyekundu na kula himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake. Lakini hakiwezi kuila yote. Sehemu yenye madini ya chuma ni sumu kwake. Kwa hiyo anafanya kama mtu anayetafuna muwa: ananyonya utamu na kutema makapi. Makapi hayo anayakusanya na kuyageuza fuwele ndogo sana za rangi ya kahawia, ziitwazo hemozoini. Klorokwini ya zamani ilifanya kazi hapo hapo: ilizuia sumu isigeuzwe fuwele, na kimelea kikafa kwa takataka zake.

Fuwele hizi ndizo zilizomwezesha daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, kugundua vimelea vya malaria nchini Algeria mwaka 1880. Aliona vidoa vyeusi ndani ya kitu kinachojongea kwenye damu ya mgonjwa. Ronald Ross naye alizifuata doa hizo hizo mwaka 1897 nchini India, akazikuta kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Hivyo ndivyo tulivyojua malaria inaletwa na mbu.

Fuwele za hemozoini zina tabia nyingine. Mwanga ukipita ndani yake unagawanyika kuwa miali miwili, na mmoja unachelewa nyuma ya mwenzake. Kitaalamu tabia hii huitwa bairefrinjensi. Chembe za damu hazina tabia hiyo kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo ukipata njia ya kuuona huo uchelewaji, utando mwembamba wa damu unabaki giza na makapi ya malaria yanang'aa kama kimulimuli.

Uzio wa fito

Njia yenyewe ni hii. Fikiria kamba ndefu iliyopita katikati ya fito za uzio zilizosimama wima. Ukiitikisa kamba juu na chini, wimbi linapita. Ukiitikisa kulia na kushoto, fito zinalizuia. Mwanga wa kawaida unatikisika pande zote. Kichujio cha polaroidi ni ule uzio: kinaruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu.

Sasa weka uzio wa pili ambao fito zake zimelala. Wimbi lililopita la kwanza linakwama la pili, na giza linatawala. Lakini ukiweka katikati ya nyuzio hizo mbili fuwele inayogawa mwanga, inaugeuza mtikisiko, na sehemu ya mwanga inapenya.

Unaweza kulijaribu nyumbani. Kama kuna televisheni bapa au kompyuta na miwani ya jua ya polaroidi, tazama kioo cha kompyuta kupitia miwani huku ukiizungusha hadi kioo kiwe cheusi. Kisha weka katikati rula ya plastiki isiyo na rangi ya mwanao wa shule, au kipande cha kioo ulichobandika selotepu. Utaona nyekundu, kijani, bluu na zambarau ambazo hazikuwepo. Ongeza selotepu ya pili juu ya ya kwanza, rangi itabadilika. Jaribio hili ni la kufurahisha watoto, si la kupima ugonjwa, na miwani hiyo isitumike kutazama jua.

Rangi inageuka kipimo

Rangi zile zinatoka wapi? Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Mwali mmoja unapochelewa kwa kiasi fulani, rangi moja inazimwa na zilizobaki ndizo unazoziona. Uchelewaji tunaupima kwa nanomita, na milimita moja ina nanomita 1,000,000. Uchelewaji ukiwa kama nanomita 550, kijani kinazimwa na unaona zambarau iliyoelekea nyekundu. Kwa hiyo rangi inakuambia uchelewaji, na uchelewaji ukiugawa kwa unene wa kitu chenyewe, unapata nguvu ya kitu hicho ya kugawa mwanga.

Wanajiolojia wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Mwamba wenye bati kutoka Kyerwa ukikatwa na kusuguliwa hadi unene wa milimita 0.03, mwanga unapita ndani yake. Jiwe jeupe la kwazi katika unene huo linachelewesha mwanga takriban nanomita 270 tu, nalo linaonekana kijivu au jeupe. Madini ya bati yana nguvu ya kugawa mwanga inayozidi ya kwazi karibu mara kumi. Jicho lililozoea linatofautisha, na kamera ya rangi inatofautisha zaidi, kwa sababu kila nukta ya picha yake ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Kompyuta inazilinganisha namba hizo na rangi zinazojulikana na kutoa jibu la uchelewaji kwa kila nukta.

Hemozoini inaleta ugumu kwa sababu ni ndogo mno, chini ya elfu moja ya milimita. Uchelewaji wake ni mdogo, na peke yake inaonekana kijivu hafifu. Hapo kuna mbinu nzuri. Unaongeza kwenye hadubini kipande cha fuwele chenye uchelewaji unaojulikana, kama nanomita 530. Picha nzima inageuka zambarau. Sasa kitu kidogo kikiongeza uchelewaji kidogo tu, mahali pake panageuka bluu. Kikipunguza, panageuka njano. Badiliko ambalo jicho lisingeliona katika kijivu, linaonekana wazi katika rangi.

Mbinu hii si ngeni kwa madaktari. Tunaitumia kwa wagonjwa wa gauti. Mwaka 1961 madaktari wawili wa Marekani, McCarty na Hollander, walionyesha kuwa majimaji yaliyovutwa kwenye kiungo kilichovimba yakitazamwa kwa mwanga wa namna hii, fuwele za gauti huonekana kama sindano. Sindano zikilala sambamba na mstari wa kipande kile huwa njano, zikikatiza huwa bluu. Kuna ugonjwa mwingine wa viungo unaofanana na gauti ambao fuwele zake hufanya kinyume chake. Rangi mbili tu, na matibabu ya mgonjwa yanabadilika.

Mbona hatuitumii kwa malaria?

Watafiti katika nchi mbalimbali wamejaribu, hata kwa kuweka vichujio viwili vya polaroidi kwenye kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye kamera ya simu. Wengine wanatumia sumaku, kwa kuwa hemozoini ina chuma. Mvuto wake unaeleweka: hakuna rangi ya kutia, na macho ya mtaalamu yanasaidiwa na kamera.

Lakini naomba usiende zahanati kesho kuidai. Si kipimo cha kawaida kwetu, na kuna sababu tatu.

Ya kwanza, kimelea kichanga hakijala vya kutosha, hivyo makapi yake ni machache mno. Katika malaria ya falsiparumu, vimelea vilivyokomaa hujificha kwa kunata kwenye mishipa midogo ya ndani, na vinavyoonekana kwenye damu ya kidoleni mara nyingi ni hivyo vichanga. Mwanga unaweza kuwakosa walioko mbele yake.

Ya pili, vitu vingine navyo hung'aa. Vumbi, nyuzi za pamba, mikwaruzo ya kioo, unga wa glavu. Slaidi chafu inaweza kujaa nyota zisizo na malaria.

Ya tatu ndiyo kubwa kwa mada yetu. Vimelea vikifa, makapi yanamezwa na chembe nyeupe za damu na kubaki humo kwa siku kadhaa. Mtoto aliyepona siku ya tatu bado anaweza kuwa na hemozoini inayong'aa. Kipimo cha haraka kinaona nyayo, mwanga unaona majivu. Siku ya tatu tunataka kujua kama moto bado unawaka, na kwa hilo bado tunamhitaji mtaalamu wa maabara, slaidi safi, rangi ya Giemsa na hadubini yenye lenzi isiyo na ukungu. Kamera itakuja kumsaidia mtu huyo. Kwa sasa, kituo chenye mtu huyo ndicho cha kukitafuta.

Ufanye nini siku ya tatu

Kwanza tukubaliane hesabu. Siku uliyoanza dawa ni siku ya sifuri. Ukianza Jumatatu, siku ya tatu ni Alhamisi. ALu ina dozi sita: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mpe mtoto pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au uji wa karanga, kwa sababu dawa ya pili iliyomo, ile tunayoiegemea sasa, huingia mwilini vizuri zaidi ikikuta mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, na rudi kituoni upate ya kufidia ili isipungue mwishoni. Watoto wengi "wanaoshindwa dawa" nimegundua walitapika dozi au walinyimwa ile ya usiku kwa sababu walikuwa wamelala.

Homa ikiendelea au ikirudi siku ya tatu, usinunue dozi nyingine dukani. Mpeleke mtoto kwenye kituo chenye maabara, beba paketi ya dawa aliyomeza, na sema maneno haya: "Amemaliza dawa mseto, alianza siku fulani, naomba apimwe kwa slaidi na vimelea vihesabiwe." Kama zahanati yenu haina hadubini, omba rufaa. Ni haki yako.

Slaidi ikisomwa, kuna majibu matatu, na kila moja lina njia yake.

Mtoto ana homa na vimelea vipo: hapo dawa inaweza kuwa imeshindwa. Daktari atapima ukali wa ugonjwa na kubadilisha matibabu. Zipo dawa mseto nyingine, na ipo sindano ya atesuneti kwa malaria kali. Si uamuzi wa kufanyia dukani.

Mtoto ana homa na vimelea havipo: malaria imeisha, tafuteni kingine. Nimonia, maambukizi ya mkojo, masikio, homa ya matumbo. Huyu ndiye mtoto niliyemkosea mimi.

Mtoto amechangamka, hana homa, ila slaidi inaonyesha vimelea vichache: kwa huku kwetu hilo sasa linatokea. Mara nyingi hatubadilishi dawa siku hiyo. Tunamfuatilia na kurudia slaidi kwa tarehe utakayopewa. Usiikose tarehe hiyo hata kama anacheza mpira.

Yapo mambo ambayo hayasubiri siku ya tatu wala slaidi. Degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea au kutoamka vizuri, kupumua kwa shida, weupe wa viganja, mkojo mweusi kama kahawa. Ukiona hata moja, usiku au mchana, mpeleke hospitali.

Na wewe mwenye duka la dawa, ndugu yangu, unayefahamika kijijini na kuaminiwa kuliko mimi: mzazi akirudi siku ya tatu kuomba dozi nyingine, muulize alianza lini na alimaliza vipi, kisha mwelekeze maabara. Utapoteza fedha ya dozi moja siku hiyo, lakini utakuwa umemwokoa mteja wako.

Yule mtoto wa nimonia sasa ni kijana. Mama yake nilikutana naye sokoni Omurushaka miaka michache baadaye, akanisalimia kwa furaha, akaniambia kila mtoto wa jirani akiumwa yeye huuliza, "Wamesoma slaidi?" Nilimwambia ukweli ambao sikumwambia siku ile, kwamba dozi ya pili ilikuwa kosa langu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi waambie na wengine, daktari."

Nimewaambia. Tukutane wiki ijayo.